Maziwa Safi Huanzia Zizini

Katika nchi jirani ya Kenya, sehemu kubwa ya maziwa hutoka kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe mmoja, wawili au watatu. Kwa jamaa ya namna hiyo, kiwele cha ng'ombe ndicho ghala, na ndicho karo ya watoto. Adui mkubwa wa ghala hilo ni ugonjwa wa kuvimba kiwele.

Adui huyu huja kwa namna mbili. Namna ya kwanza huonekana: kiwele huvimba na kuwa cha moto, na maziwa hutoka na mabonge au damu. Namna ya pili haionekani. Ng'ombe anakula vizuri, maziwa yana rangi yake ya kawaida, lakini vijidudu vimekwisha kuingia na maziwa yanapungua. Mkulima hulaumu majani, huku mikono ya mkamuaji ikivichukua vijidudu kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine.

Hapo ndipo penye haja ya daktari wa mifugo. Kwa kisahani chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, na dawa ya kupimia, huugundua ugonjwa hapo hapo zizini, kwani maziwa yenye ugonjwa huwa mazito kama ute. Humfundisha mkulima kunawa mikono, kukausha chuchu kwa kitambaa safi, kuzichovya katika dawa baada ya kukamua, na kumkamua mwisho ng'ombe mgonjwa.

Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Serikali ya Kenya ilipoanza kuwaachia watu binafsi kazi ya tiba ya mifugo, mkulima asiye na fedha humwita daktari akiwa amechelewa, au hununua dawa dukani akajitibia mwenyewe. Madhara yake hayaishii zizini. Dawa iliyotiwa katika kiwele hutoka pamoja na maziwa kwa siku kadhaa. Maziwa hayo yakiuzwa kabla ya muda uliowekwa kwisha, mnywaji hunywa dawa asiyoandikiwa. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa yote. Na vijidudu vilivyozoea dawa huwa sugu. Askari anayekunywa chai ya maziwa kambini au kituoni hawezi kuitambua dawa hiyo kwa macho wala kwa ulimi.

Dawa ya tatizo hili ni umoja. Chama cha ushirika cha Githunguri, huko Kiambu, kilichoanzishwa mwaka 1961, huwapatia wanachama huduma za mifugo kwa mkopo unaokatwa katika malipo ya maziwa yao. Mwanachama hangoji kupata fedha mkononi ndipo amwite daktari.

Daktari anayeitwa mapema hugharimu kidogo kuliko anayeitwa chuchu ikiwa imekwisha kufa. Mkulima wa ng'ombe mmoja hawezi kuubeba mzigo huo peke yake, na wala si haki aubebe peke yake, maana maziwa yake hunywewa na taifa zima.