Mbwa Mzee wa Ghala Hafutwi kwa Kalamu



Mkaguzi anapofika chamani huanza na daftari la fedha, kisha stakabadhi, kisha mizani, kisha ghala. Mwishoni hulifungua daftari la mali, aone kama vitu vilivyoandikwa vipo, na kama vilivyopo vimeandikwa. Kwa miaka mingi nami niliufuata utaratibu huo, wala sikuwahi kuuliza habari za kiumbe mmoja niliyemkuta katika maghala mengi niliyoyaingia, naye ni mbwa. Hubweka langoni, mlinzi humkemea, nasi huendelea na hesabu zetu.

Kisa kimoja ndicho kilichonifundisha kuuliza. Katika chama fulani cha msingi nilisoma kumbukumbu za kikao cha bodi, nikakuta imeandikwa kwamba mbwa amezeeka na aondolewe. Nilipouliza aliondolewa akapelekwa wapi, kila mjumbe alimtazama mwenzake. Ikabainika kwamba mlinzi aliagizwa ampeleke ng'ambo ya mto na kumwacha huko. Mbwa yule alikuwa amelilinda ghala kwa misimu tisa. Baada ya siku chache alionekana sokoni akila makombo nyuma ya bucha, jicho moja limeingia ukungu na masikio hayasikii tena. Hazikupita wiki nyingi, mtoto wa mwanachama akamkanyaga mkia alipokuwa amelala, naye akamwuma mguuni. Watu walimpiga mbwa kwa mawe hadi akafa, wakamchoma moto kabla mtaalamu wa mifugo hajafika. Kwa hiyo haikuwezekana tena kujua kama alikuwa na kichaa au hakuwa nacho, na chanjo yake ya mwisho ilikuwa imepitwa na miaka minne.

Baba wa mtoto aliuza magunia mawili ya mahindi ili ampeleke mwanawe hospitali ya mbali kupata sindano zote zilizohitajika. Mtoto, tunashukuru, yu hai. Lakini baba alipoomba chama kimsaidie gharama, alijibiwa kwamba yule hakuwa mbwa wa chama, kwani hakuandikwa katika daftari la mali. Nami nikauliza: ikiwa hakuwa wa chama, unga wake wa misimu tisa ulilipwa kutoka kifungu gani? Hapakuwa na jibu. Vocha zilikuwapo.

Mizani ikichakaa, mkutano hutoa kibali, jina lake likafutwa daftarini na chuma chake kikauzwa. Mbwa hafutwi hivyo. Ukimfuta kwa kalamu bado anakula, anatembea, na anaweza kuuma. Katika vijiji vyetu mbwa wengi tuwaonao wakizurura wana wenyewe, au walikuwa nao jana. Mbwa mzee aliyetupwa leo ndiye mbwa koko wa kesho. Mambo haya mawili, ambayo watu huyatenganisha, ni jambo moja.

Hatari iliyopo

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, navyo huingia mwilini kwa kuumwa, au mate yakigusa jeraha, macho au mdomo. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na watoto wa chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya waathirika. Takribani asilimia 99 ya binadamu wanaoupata huambukizwa na mbwa. Dalili kwa binadamu aghalabu hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, lakini zaweza kuchelewa hata zaidi ya mwaka. Zikishatokea, ni nadra mno mgonjwa kupona. Kabla hazijatokea, ugonjwa huzuilika. Chanjo ya kumwokoa aliyeumwa ilitumiwa kwa mara ya kwanza na Louis Pasteur mjini Paris, mwezi Julai 1885, kwa mtoto wa miaka 9. Tangu hapo imekuwapo njia ya kuokoa maisha, mradi mtu asichelewe.

Uzee wa mbwa na matunzo yake

Mbwa mwenye umbo kubwa huanza kuzeeka akiwa na miaka 7 hivi. Mdogo wa umbo huchelewa hadi miaka 10. Nywele za mdomoni huwa nyeupe, macho huingia ukungu, kusikia hupungua, na asubuhi huinuka kwa shida kwa sababu ya maumivu ya viungo. Kwa mbwa wa namna hiyo yafaa kufanya yafuatayo:

1. Apewe chakula laini mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, kuliko kushibishwa mara moja. Ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa dagaa au utumbo uliopikwa humfaa. Asipewe mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, kwani hupasuka kwa ncha kali. Wala vitunguu, ambavyo humdhuru damu.

2. Apate maji safi wakati wote. Akianza kunywa maji mengi kupita desturi yake, au akikonda ilhali anakula, aonwe na mtaalamu wa mifugo.

3. Alale pakavu. Gunia kuukuu juu ya ubao ulioinuliwa kidogo latosha. Sakafu ya saruji yenye unyevu huzidisha maumivu ya viungo.

4. Makucha yakaguliwe, kwa kuwa mbwa asiyetembea sana makucha yake hurefuka na kumchoma. Kupe na viroboto waondolewe, na dawa ya minyoo itolewe kwa ushauri wa mtaalamu.

5. Asishtuliwe. Mbwa asiyesikia au asiyeona vema huuma kwa hofu. Mtu amkaribie kutoka mbele, na watoto wafundishwe kutomgusa aliyelala au anayekula.

6. Achanjwe kama mbwa wengine. Uzee peke yake hauzuii chanjo.

Zipo hatari za ghalani ambazo katibu anapaswa kuzijua kuliko mtu mwingine. Dawa za kunyunyizia pamba, korosho au kahawa zisitumiwe kamwe kumwogeshea mbwa ili kuua kupe. Zaweza kumwua yeye, na kumdhuru anayemwogesha. Mahali panapotegwa sumu ya panya, mbwa azuiliwe asiile sumu hiyo wala panya aliyekufa kwayo. Na ghala linapofukizwa kwa vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, mlinzi ahakikishe kabla ya kufunga mlango kwamba hakuna mbwa aliyejilaza nyuma ya magunia. Mbwa mzee hupenda mahali penye kivuli na giza, wala hatasikia akiitwa.

Uzee haumwondolei mbwa kazi yote. Chama chenye busara humleta mbwa mchanga wakati mzee angalipo. Mchanga hujifunza kwa mzee nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na mzee hupunguziwa lindo la usiku. Wote wawili walishwe mbalimbali, ili mzee asinyang'anywe.

Ikifika siku ambapo mbwa hawezi tena kuinuka, hali, na maumivu hayatulizwi, aitwe mtaalamu wa mifugo amalize mateso yake kwa dawa. Huo ni uamuzi wa huruma. Kumtupa porini, kumpiga mawe au kumfunga bila chakula ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ya Tanzania inakataza kumtesa mnyama.

Mbwa wasio na wenyewe

Mara kwa mara mwanachama husimama mkutanoni akapendekeza mbwa wote wa mitaani watiliwe sumu. Hasira yake naielewa, lakini njia hiyo haikomeshi kichaa. Sumu haichagui: humwua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, nayo yaweza kuliwa na mifugo au kuokotwa na mtoto. Tena mahali palipobaki wazi hujazwa na mbwa wengine, ambao hawana chanjo.

Kinachokomesha ugonjwa ni chanjo. Mbwa wasiopungua asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa mbwa huzaliwa na kufa upesi, kiwango hicho hushuka, na hiyo ndiyo sababu kampeni ya mwaka jana haitoshi kwa mwaka huu. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika sehemu nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Katibu aulize mapema kwa Afisa Mifugo wa kata, kisha awatangazie wanachama siku na mahali.

Pamoja na chanjo, tupunguze kinachowavuta na kinachowazidisha. Mabaki ya bucha na ya machinjio yafukiwe. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Asiyetaka watoto wa mbwa aombe wanyama wake wahasiwe, au walau amfungie jike anapotafuta dume. Anayemlisha mbwa asiye na mwenyewe afanya wema, lakini wema huo ukamilike kwa kumpeleka chanjo. Mbwa mgeni anayeyumba, anayetoka mate mengi, aliyebadilika sauti, au anayeuma kila kitu bila kuchokozwa, asikaribiwe. Taarifa itolewe mara moja.

Wapo wanachama ambao kwa dini yao hawamgusi mbwa, nao wana haki ya kuheshimiwa. Hata hivyo Uislamu umeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na mashamba, na kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, akasamehewa kwa tendo hilo, kinajulikana misikitini. Kutomgusa hakumzuii mtu kumwandikisha kwa chanjo, wala kumwekea maji.

Mtu akiumwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Lisipakwe pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani. Kisha mtu aende siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya au hospitali, naye azimalize sindano zote kwa ratiba atakayopewa, hata akijiona mzima. Kama mbwa ni mzima na anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, afungiwe na achunguzwe kwa siku 10. Asiuawe kwa haraka. Akifa, mtaalamu wa mifugo aitwe kabla mzoga haujafukiwa wala kuchomwa. Mtoto niliyemtaja aliponea hapo penye sabuni: mama yake alimwosha kisimani kabla ya jambo jingine lolote, wakati wanaume wangali wakitafuta mawe.

Mambo ya kuandikwa

Napendekeza kwa kila chama chenye mbwa wa lindo:

(a) Mbwa aandikwe katika daftari la mali: jina, rangi, jike au dume, umri na tarehe aliyopatikana.

(b) Kadi ya chanjo iwekwe katika jalada ofisini, isikae mfukoni mwa mlinzi.

(c) Makisio ya mwaka yawe na kifungu cha chakula, chanjo na matibabu ya mbwa, kipitishwe na mkutano mkuu. Fedha hizo ni kidogo zikilinganishwa na magunia mawili ya mahindi ya mwanachama mmoja.

(d) Walinzi wanapopokezana kazi, mbwa atajwe katika hati ya makabidhiano, pamoja na hali ya afya yake.

(e) Mbwa asifutwe daftarini ila kwa sababu iliyoandikwa: amekufa, au amekabidhiwa kwa mtu mwenye jina na sahihi. Neno "aondolewe" pekee lisikubaliwe.

Katika ziara zangu zijazo, baada ya kupima mizani na kuhesabu magunia, nitaomba kuiona kadi ya chanjo. Katibu asikasirike. Ushirika ulianzishwa ili mnyonge asibebe peke yake mzigo ambao wengi wanaweza kuugawana. Baba yule aliubeba peke yake, kwa sababu sisi tuliona haya kuandika mstari mmoja daftarini.