Nyayo za Laetoli na Hifadhi ya Maumbo ya Kompyuta

Mwalimu wa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke mkoani Simiyu, akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake nyayo mashuhuri za Laetoli, hana budi kuvuka nyanda za Serengeti hadi Ngorongoro. Hata hivyo, akifika hatauona mfululizo wake mkuu. Uligunduliwa mwaka 1978 na kundi la Dkt. Mary Leakey, katika majivu ya volkano yenye umri wa miaka milioni 3.66, kisha ukafukiwa. Mizizi ya miti iliyoota juu yake ilipotishia kuuharibu, ulifukuliwa, ukatengenezwa na kufukiwa upya katika miaka ya 1995 na 1996. Kwa kuwa udongo ndio unaozilinda nyayo hizo, watu wengi watazijua kwa nakala tu.

Siku hizi nakala bora hutengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 2014, wakati wa kuchunguza eneo lililokusudiwa kujengwa makumbusho, ziligunduliwa nyayo nyingine yapata mita 150 kutoka zile za mwanzo. Watafiti wa Tanzania na Italia, akiwamo Fidelis Masao, walizipiga picha nyingi kutoka pande mbalimbali. Kompyuta hutafuta nukta ileile katika picha kadhaa, hukokotoa mahali ilipo, na hatimaye hujenga umbo lenye urefu, upana na kina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la eLife, ambalo husomwa bila malipo. Umbo la namna hiyo msomaji aweza kuligeuza, kulikuza na kupima mwenyewe kina cha kisigino.

Juu ya umbo hilo wataalamu huweza kubandika maelezo, kila moja mahali pake. Hapa pana kanuni moja kubwa: kipimo kisichanganywe na rai. Nyayo nyingine za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1976, zilidhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa za dubu. Zilifukuliwa tena na kupimwa upya mwaka 2019, na mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha hoja kwamba ni za zamadamu, yaani jamaa za kale za binadamu. Rai ilibadilika, alama ardhini ni zilezile. Kwa hiyo kila maelezo yawe na jina la mwandishi na tarehe, na rai ya zamani isifutwe mpya inapoandikwa.

Lakini faili nalo huoza kwa namna yake. Programu ya Flash, iliyobeba machapisho mengi ya kuchezeshwa kwenye skrini, ilikoma kuhudumiwa mwishoni mwa mwaka 2020, na mengi ya machapisho hayo hayafunguki tena kwa njia ya kawaida. Kinga yake yajulikana. Picha za asili zihifadhiwe pamoja na vipimo na mahali zilipopigwa. Faili ziwe za muundo ambao programu nyingi huweza kuusoma. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja na kukaguliwa mara kwa mara. Zaidi ya hayo, nakala kamili iwepo nchini, na nyepesi itengenezwe kwa ajili ya shule zenye intaneti hafifu.

Kazi hiyo yahitaji fedha na watumishi kila mwaka, sawasawa na ulinzi wa eneo lenyewe. Yafaa iingizwe katika mpango wa uchimbaji tangu siku ya kwanza.