Kabla ya Dawa, Onja Maji ya Kisima

Mwaka wangu wa kwanza kwenye Ghuba ya Chole, Mafia, niliua mndimu mmoja, matuta manne ya maharage na karibu nyanya zote nilizopanda. Cheti cha kilimo nilikuwa nacho. Nilikisomea bara, kwenye udongo mwekundu unaong'ang'ania jembe mvua ikinyesha, nikadhani mimea ni mimea popote. Kisiwani Chole nilikuta mchanga juu, jiwe la matumbawe chini, kisima cha pima mbili, na jirani, bibi mwenye wajukuu wakubwa, aliyenitazama kutoka barazani kwake wiki nzima bila kusema neno.

Maharage ndiyo yaliyotangulia. Yaliota vizuri, yakatoa majani, kisha kingo za majani zikaanza kukauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Njaa hiyo, nikasema. Nikatia mbolea ya CAN. Kingo zikazidi kuungua, nikatia tena. Siku ya tatu bibi akavuka ua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hayo maji unayomwagia umeyaonja?"

Sikuwa nimeyaonja. Nilichota kisima cha kando ya ufuo kwa kuwa kilikuwa hatua chache kutoka bustanini, basi. Nilipopiga funda moja nikapata chumvi. Si ya kukufanya uteme, lakini ipo. Maji ya kunywa bibi aliyateka kisima cha ndani zaidi, mbali na mikoko, na mwanamke yeyote wa pale angenieleza sababu kama ningeuliza.

Sababu yenyewe inafaa kujulikana na kila anayelima kisiwa kidogo. Maji matamu ya chini ya kisiwa kama Chole ni mvua iliyozama, na hayakai ndani ya bakuli la mwamba. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye matumbawe, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mholanzi Badon Ghijben mwaka 1888, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walipata hesabu ile ile: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wake mchungu. Ukichota kwa pupa hadi kimo cha maji kikashuka sentimita 10 tu, chumvi ya chini yake inaweza kupanda mita 4. Ndiyo maana kisima kinachotekwa kwa ndoo hubaki kitamu miaka na miaka, kisha mtu akaleta pampu ya mafuta na kabla ya vuli kuingia watu wanalalamika chai haina ladha. Ndiyo maana pia visima vya ufuoni hupanda na kushuka pamoja na bahari. Kuonja mara moja hakutoshi. Onja wakati wa bamvuo na wakati wa maji mafu, onja mwisho wa kiangazi, onja baada ya masika.

Chumvi inaua mmea kwa kiu. Mizizi huvuta maji kwa sababu ndani yake mna chumvi nyingi kuliko udongo ulio nje. Ukigeuza mizani hiyo, udongo unang'ang'ania maji yake na mmea unasimama kwenye tope ukiwa na kiu. Chumvi kidogo inayofaulu kuingia husafiri hadi ukingoni mwa jani, maji yanapaa, yenyewe inabaki pale na kuunguza. Mimi nilipotia CAN nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi. Wazee walioziita mbolea hizi "chumvichumvi" hawakukosea hata kidogo.

Maharage ni dhaifu mno mbele ya chumvi. Nyanya ziko katikati. Mchicha huvumilia zaidi, na mnazi haujali sana. Basi tiba ya kwanza ni kupanda kinacholingana na kisima chako. Ya pili ni namna ya kumwagilia: maji kidogo kidogo kila jioni huacha chumvi juu kwenye mizizi, ilhali maji mengi mara chache huisukuma chini. Ya tatu ni matandazo, ili jua lisinyonye maji na kuacha ganda jeupe juu ya udongo.

Kwenye matandazo nilikosea tena, na kosa hili sijapata kuliona katika kitabu chochote. Nilisikia makumbi ya nazi yanashika unyevu. Nikateremka ufuoni, nikakuta makumbi laini, yaliyokwisha kulegea, nikajaza magunia mawili na kuyatandaza kwenye nyanya. Yalikuwa yamezikwa kwenye tope la bahari ili yatolewe usumba wa kusokotea kamba. Nyanya zangu nilizitandikia bahari yenyewe, na nikawa mwizi wa makumbi ya watu juu yake. Makumbi yanafaa kweli, lakini yawe makavu ya nyumbani, na yanyeshewe mvua kwanza.

Mndimu ulikufa kwa hisani. Majani yake machanga yalitoka ya njano, mishipa ikabaki kijani, mfano wa wavu wa kijani juu ya kitambaa cha manjano. Rafiki akanishauri majivu, maana majivu huku ni dawa ya kila kitu. Nikamwaga debe zima shinani. Kumbe jiwe la matumbawe ni chokaa, na udongo wake tayari una uchungu wa chokaa. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo, ila yamefungwa. Mizizi inayagusa na haiwezi kuyanyonya. Majivu nayo ni ya jamii hiyo hiyo ya chokaa. Niliongeza kufuli juu ya mlango uliokwisha fungwa.

Tangu hapo kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye jani la njano ni umri wake. Njano ikianza kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, na jani likawa njano lote, mmea una njaa ya naitrojeni: unawanyang'anya wazee chakula kuwapa watoto. Samadi iliyooza vizuri itausaidia. Ikianza kwenye majani machanga ya juu na mishipa ikabaki kijani, ni chuma, na samadi nyingi ya juu juu haitafika. Hapo shimo la kupandia ndilo dawa. Juu ya mwamba wa matumbawe udongo mweusi hukaa kwenye mifuko ya mwamba. Utafute mfuko huo kwa mtaimbo kabla hujaweka mche, ongeza mboji ndoo mbili tatu, na majivu yapeleke kwa jirani asiye na matumbawe.

Sasa maji moto. Hapa ninaomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ndilo kosa linaloniuma hadi leo.

Uani kwangu mlikuwa na minazi mitatu na mchungwa, na yote ilikuwa na viota vya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi yakawa mfuko. Hutumia mabuu wao kama sindano na uzi: chungu mkubwa humshika buu mdomoni, buu akatoa hariri, jani likashonwa. Wakikuuma wanakumwagia tindikali kwenye jeraha, na jina lao linatokana na mwako huo. Mimi niliumwa nikichuma machungwa, nikaenda duka la pembejeo, nikanunua dawa, nikapulizia viota vyote hadi kimya kikatawala. Nilijiona bingwa.

Baada ya miezi michache vidaka vikaanza kudondoka. Asubuhi chini ya mnazi nilikuta vidaka kumi, kesho yake kumi na tano, vina makovu na utomvu uliokauka. Nilitafuta ugonjwa wa ukungu. Bibi aliokota kidaka kimoja, akakigeuza, akasema tu, "Walinzi wako uliwaua mwenyewe."

Alikuwa anasema jambo ambalo Michael Way, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, alilichunguza Unguja na kulichapisha miaka ya mwanzo ya 1950. Kuna kunguni wa minazi anayefyonza vidaka vichanga na kuviachia mate yenye sumu. Mwaka 1955 kunguni huyo alipewa jina la kitaalamu lenye jina la Way ndani yake. Way aliona kwamba minazi iliyoshikwa na maji moto karibu haipati hasara hiyo, kwa kuwa chungu hawa hawavumilii mgeni juu ya mti wao. Adui wao mkubwa ni chungu wadogo wa kahawia wanaokaa ardhini, ambao huwafukuza mti baada ya mti. Watafiti wa hapa Tanzania baadaye waliona ulinzi huo huo kwenye mikorosho, dhidi ya mbu wa mikorosho, na Mafia ina mikorosho ya kutosha.

Sitaki kuwafanya maji moto malaika. Wanafuga wadudu magamba na vidung'ata ili wanywe utamu wanaoutoa, na utamu huo ukidondokea majani ya chini huota ukungu mweusi kama masizi ya chungu cha kupikia. Mgeni akiona masizi hayo hukimbilia dawa ya ukungu, ambayo haitibu kitu, maana masizi hayali jani, yanakula sukari. Futa kwa kitambaa chenye maji, na ukiona vidung'ata vimezidi, ondoa tawi hilo. Kwa hesabu yangu, mwenye minazi na mikorosho anafaidika na maji moto kuliko anavyodhurika. Ili avune bila kulia, apake majivu mikononi kabla ya kupanda. Hiyo ndiyo kazi pekee ya majivu ninayoitetea kwenye matumbawe.

Wadudu wa mboga ni habari nyepesi zaidi. Mwarobaini upo kila mahali pwani, na mbegu zake zina nguvu kuliko majani: gramu 50 za mbegu zilizosagwa, lita 1 ya maji, usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni ya mche kidogo ili ishike. Pulizia jioni, kwa sababu jua huivunja dawa hii. Wengi huiacha baada ya siku moja wakisema haifanyi kazi, kwa kuwa asubuhi wanakuta wadudu bado hai. Ni hai, ndiyo, lakini wameacha kula na watashindwa kujivua gamba. Subiri siku kadhaa, rudia. Sabuni ya unga, tena saa sita mchana, usijaribu. Nilijaribu kwenye pilipili na jioni yake sikuwa na pilipili.

Nyanya ikinyauka ilhali udongo una unyevu, usimwagie zaidi. Ing'oe. Mizizi ikiwa na vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, ni minyoo fundo, ambao hupenda mchanga kama wetu. (Vinundu vya maharage na kunde ni vingine: vimeshikilia pembeni, ukivisugua vinatoka, na hivyo ni rafiki.) Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, hata muuzaji akikuapia. Choma mmea, na hapo usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili kwa misimu kadhaa.

Muhogo nao una hadaa yake. Mtafiti H. H. Storey alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936 akiwa Amani, kule Usambara, na kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa pwani. Majani yanaweza kupendeza kabisa huku kiazi chini kimeoza vipande vya kahawia. Kwa hiyo ukiomba mbegu kwa jirani, usisifu majani. Mwombe ang'oe shina moja, mkikate kiazi pamoja, ndipo mchukue pingili.

Kuna siku dawa ya dukani itahitajika, na siipingi. Dawa halali huwa na kibandiko chenye usajili, kazi inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kibandiko hicho husema idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna. Lakini kumbuka umesimama wapi. Matumbawe yana matundu kama chujio. Bomba la kupulizia likioshewa kisimani, maji hayo ni ya kunywa ya mtaa mzima, na yakipita hapo yanaingia kwenye ghuba ambayo tangu 1995 imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno.

Kwa hiyo ukija kwa afisa ugani kama mimi, usimletee jani moja lililokunjwa mfukoni tangu jana. Njoo asubuhi na mmea mzima, mizizi na udongo wake, ndani ya mfuko. Taja ulichokimwagia, hata kama unaona haya. Na ulete maji ya kisima chako kwenye chupa. Hayo ndiyo nitakayoyaangalia kwanza.