Kuhamisha Alamisho za Kompyuta

Mwalimu wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, apatapo kompyuta mpya hana budi kuhama na hazina yake: alamisho, yaani anwani za kurasa za mtandao alizokusanya kwa kufundishia. Kivinjari cha Firefox huziweka, pamoja na mipangilio, katika folda ya wasifu. Kivinjari kikiisha kufungwa, yaliyomo hunakiliwa kwa flashi, yakabandikwa katika folda ya wasifu ya kompyuta mpya, intaneti haihitajiki. Nywila zimo katika faili la logins.json, na ufunguo wake katika key4.db: yasipokwenda yote mawili, hazifunguki. Kwa sababu hiyo hiyo, aiokotaye flashi aweza kuzisoma, isipokuwa nywila kuu imewekwa. Basi uhamisho ukiisha, nakala hiyo ifutwe.