Rangi Imekauka, Je, Imeiva?

Isimu ni taaluma niliyoisomea kwa miaka mingi hadi nikatunukiwa shahada ya uzamifu. Hata hivyo, somo moja kuhusu maana ya maneno sikufunzwa na profesa yeyote. Nilifunzwa na fundi wa magurudumu aliyekuwa amechutama kando ya rimu, mikono imejaa povu la sabuni. Naomba nimsimulie msomaji kisa hicho, kwa maana naamini kinatuhusu sisi walimu pamoja na wanafunzi wetu.

Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniachia Volkswagen ya mwaka wa 1965, gari la jamii ileile iliyompa Tommy Fjastad ushindi katika mashindano ya Safari mwaka wa 1962. Nilipoazimia kulifufua, nilianza na magurudumu. Nilizikwangua rimu kutu kwa msasa, nikazipaka praima, kisha rangi ya maziwa ukingoni na nyeusi katikati. Siku ya pili nilizigusa, kidole hakikunata. Nikazipeleka katika karakana moja mjini ili zivishwe matairi mapya. Kijana aliyekuwa zamu alizibana kwenye mashine, na baada ya dakika chache rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande mithili ya ganda la yai lililochemshwa. Niliilaumu mashine, nikamlaumu kijana, nikailaumu rangi. Nafsi yangu sikuilaumu.

Nilipaka upya. Mara hii jirani alinielekeza kwa mzee mmoja wa jua kali afanyaye kazi chini ya mwembe. Alipoziona rimu hakuuliza ukubwa wa tairi wala hakutaja bei. Aliuliza hivi:

"Mwalimu, rangi hii imekauka au imeiva?"

"Kwani kuna tofauti, mzee?"

Alicheka, akaukandamiza ukucha wa kidole gumba upande wa ndani wa rimu, pahali pasipoonekana. Ukucha uliacha alama. "Imekauka," akasema, "lakini haijaiva. Irudishe nyumbani."

Niliirudisha, na huko nyumbani nikatafakari. Kumbe rangi ya mafuta hupitia hatua mbili. Kwanza, kimiminika kinachoiyeyusha huvukiza, na uso ukawa mkavu kwa muda wa saa chache. Kisha rangi yenyewe huungana na oksijeni iliyomo hewani, ikawa inashikana polepole mpaka tabaka zima liwe gumu. Hatua hii ya pili huweza kuchukua wiki kadhaa, hasa wakati wa baridi au rangi inapopakwa nene. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha huiva upesi zaidi. Ile ya unga huokwa katika tanuri kwa joto la takriban nyuzi 200, nayo hutoka ikiwa imeiva tayari. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba mkavu na mgumu ni kitu kimoja.

Nilirejea baada ya wiki sita. Ukucha haukuacha alama. Mzee alitandaza blanketi kuukuu, akailaza rimu juu yake. Matairi alikuwa ameyaanika juani ili mpira ulainike. Mdomo wa tairi, yaani ule ukingo wake wa ndani ushikao rimu, aliupaka maji ya sabuni. Nilipopendekeza grisi alikataa katakata, akasema mafuta hula mpira. Alikata vipande vya mtungi wa plastiki, akavikunja juu ya ukingo wa rimu ili chuma kisikutane na rangi, ndipo akaingiza vyuma vyake bapa.

Siri kubwa, alisema, imo bondeni. Rimu ina mfereji unaoizunguka, na mfereji huo aghalabu umeegemea upande mmoja. Tairi huingizwa kutokea upande ulio karibu na bonde hilo. Sehemu ya mdomo iliyokwisha kuingia hukandamizwa kwa goti ikae bondeni, ili sehemu ya mkabala ipate nafasi ya kuvuka ukingo.

"Ukiona unatumia nguvu, mwalimu, jua umesahau bonde."

Alipojaza upepo alisimama kando, wala hakupita presha ya pauni 40. Gurudumu moja lilipokataa kukaa sawasawa, aliutoa upepo wote, akaongeza sabuni, akaanza upya.

Hatimaye alinionyesha kosa lililokuwa baya kuliko yote. Nilikuwa nimepaka rangi nene hata kwenye matundu ya bolti, na pale rimu inapokutana na dramu ya breki. Rangi ya namna hiyo hubonyea na kumomonyoka gari liendapo. Bolti hulegea, na gurudumu huweza kuchomoka barabarani. Mzee aliikwangua rangi yote mahali hapo, akaniagiza nizikaze tena bolti tano za kila gurudumu baada ya kwenda kilomita 50 hivi. Mwili ulinisisimka. Rimu hizo ndizo nilizokuwa nimekusudia kuwapelekea wanangu kwa nyanya yao.

Msomaji mpenzi, tazama kazi iliyofanywa na vitenzi viwili. Katika mazungumzo ya kawaida, chakula na matunda ndiyo huiva. Nguo na rangi hukauka. Mzee huyu alikichukua kitenzi cha jikoni na shambani, akakitumia pale ambapo "kukauka" pekee kungempotosha mteja. Hakufanya hivyo kwa ajili ya kupamba usemi. Tofauti ile ilikuwapo katika kazi yake, nayo ilidai neno.

Sasa tujitazame. Tunapofundisha sajili katika shule za upili, mara nyingi tunawakaririsha wanafunzi orodha ya sifa: msamiati maalumu, sentensi fupi, kuchanganya ndimi. Mwanafunzi huziandika zote mtihanini, akapewa alama zote, pasi na kuwahi kumsikiliza fundi hata mmoja akiwa kazini. Ukimgusa kwa kidole, hanati. Ukimjaribu kwa ukucha, alama inabaki.

Mwalimu mwenzangu, mtume mwanafunzi wako karakanani, au kwenye kinu cha kusagia mahindi, akiwa na daftari. Asiulize tu kitu fulani kinaitwaje. Aulize pia hasara gani hutokea mtu akitumia neno lisilofaa. Jibu atakalopewa litamfunza isimu ambayo hata mimi sikuipata darasani.

Wahenga walinena kuwa mstahimilivu hula mbivu. Methali hiyo nilikuwa nimeifundisha kwa miaka mingi kabla ya kuambiwa nizirudishe rimu zangu nyumbani.