Meli ya nyambizi iliyojifanya imekufa

Nyambizi haijitoshelezi. Ikirudi doria inataka torpedo, mafuta, chakula, vipuri na mafundi. Ndiyo kazi ya meli mama, yaani karakana inayoelea.

USS Canopus ya Marekani ilizinduliwa 1919 ikiwa meli ya biashara. Jeshi la majini likainunua, na kuanzia 1924 ikahudumia nyambizi za Asia, kituo chake kikubwa kikiwa Manila, Ufilipino.

Desemba 1941 Japan ikashambulia. Canopus ikakimbilia Mariveles, kwenye rasi ya Bataan. Desemba 29 bomu lilipenya hadi jirani na stoo ya risasi na kuua mabaharia sita. Siku tatu baadaye ikapigwa tena.

Hapo ukaja ujanja. Meli ikalazwa upande, matambara yenye mafuta yakafuka moshi mchana kutwa, na kutoka angani ikaonekana chuma chakavu tu. Giza likiingia, mafundi wanapiga kazi: silaha, mashine, chochote walicholetewa na wanajeshi wa Bataan. Nyambizi zenyewe zilikuwa zimeshaondoka!

Bataan ilipoanguka Aprili 1942, Canopus ilirudi nyuma kwa injini zake yenyewe hadi kwenye kina, mabaharia wake wakaizamisha. Wengi wao walivuka kwenda kisiwa cha Corregidor. Nacho kikaanguka Mei, wakawa mateka.