Fundi, Risiti na Cha Juu

Kompyuta zangu tatu zilipanda mlima kwenye buti ya basi la kutoka Dar, zimeviringishwa mablanketi, zimebanwa na katoni za sabuni. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei tu, lakini kona za Soni huzijui mpaka uwe na kitu cha kuvunjika garini. Nilizipokea stendi nikijisifu moyoni. Ilikuwa katikati ya 2024, nimezinunua Kariakoo mwenyewe, mtumba safi, na fundi sikumwambia.

Nyumba yetu ya wageni ina vyumba 12. Mtu wa kompyuta wa kuajiriwa hatumwezi. Tuna fundi, kijana anayekaa Tanga; tunamlipa kila mwezi, mengi anayamaliza kwa simu, na kila baada ya miezi mitatu anapanda mwenyewe. Mpango unatufaa. Penye mgogoro ni siku ya kununua.

Alipokuja alinisalimu, akazigeuza mashine, akasoma vibandiko.

"Mama, ungeniuliza kwanza."

Akanionyesha namba iliyofuata i5: 6500. Ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi cha prosesa. Kwa hizi za mezani, namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: 10400 ni kizazi cha kumi. Sasa, kwa masharti ya Microsoft wenyewe, Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ilikuwa imepangiwa mwisho wake, 14 Oktoba 2025. Baada ya siku hiyo mashine inawaka kama kawaida, ila matundu ya usalama hayazibwi tena bure. Nilikuwa nimenunua kitu kilichobakiza mwaka na kidogo. Mtumba haukuwa kosa, alisema. Kosa ni kutosoma kibandiko.

Kwa aibu ile ningemwachia kila kitu. Nilishafanya hivyo na fundi aliyemtangulia, ndiyo maana sikufanya tena. Yule alinunua kwa jina lake, akaniuzia kwa bei yake, cha juu humo humo, risiti hakuna. Hata anwani yetu ya .co.tz aliisajili kwa jina lake. Tulipoachana, barua pepe za wageni zilipotea wiki nzima huku nikimbembeleza atoe nywila. Aliondoka pia na kompyuta ya zamani, "akaitupe," na ndani yake mlikuwa na nakala za pasipoti za wageni wa miaka. Leo, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nisingethubutu. Diski inafutwa mbele yangu au inabaki kabatini.

Cha juu chenyewe sikichukii. Kijana anazunguka Kariakoo kutwa juani, anabeba, akikosea analaumiwa, ale wapi? Ninachokataa ni cha juu cha gizani, kwa sababu hicho ndicho kinachomchagulia mashine. Atakushauri ile inayomwachia zaidi, na wewe utadhani ni ushauri. Kwa hiyo tumekubaliana: kuchagua na kufunga vina bei yake, imeandikwa kwenye mkataba, ninunue ghali au rahisi. Pesa ya vifaa naituma dukani mwenyewe.

Na risiti ya EFD iandikwe jina letu na TIN yetu. Hapa wengi wanapoteza bila kujua. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaweka kompyuta daraja la kwanza la uchakavu: asilimia 37.5 kila mwaka, ikihesabiwa kwenye thamani inayobaki. Mashine ya milioni moja inakupunguzia 375,000 kwenye faida inayotozwa kodi mwaka wa kwanza. Ikiwa na risiti ya jina la fundi, utamweleza nini ofisa wa TRA?

Mengine kijana alinishinda kwa hoja. Printa niliyoipenda kwa bei aliikataa: wino wake haupo Lushoto wala Korogwe. Akalazimisha UPS kwa kila mashine, nikanung'unika, mpaka radi za masika zilipokata umeme mara nne mchana mmoja huku mgeni anasubiri risiti yake. Mapokezi hawakujua hata kama umekatika.

Zile tatu za 6500 hatukuzitupa. Mbili tulimpa mwalimu wa jirani, anafundishia watoto kuandika, bila intaneti. Moja inapiga muziki baa.

Mwezi uliopita nilikuwa Kariakoo tena. Nikapiga picha kibandiko, nikamtumia. Jibu lilikuja kabla muuzaji hajamaliza kunisifia mali:

"8500, hiyo sawa mama. Mwambie aifungue uione RAM."

Muuzaji akaanza kutafuta bisibisi, taratibu sana.